Vimeno vya Marumaru

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, binamu yangu mmoja (msomi, tumsamehe) katupia picha za watoto wa kwenye michoro ya kale ya Ulaya, wamekunja sura kama wazee wa baraza waliocheleweshewa chai. Chini kaandika: "Enzi hizo watoto walikuwa wanakufa ovyo, ndiyo maana wazazi hawakuwapenda."

Nilikuwa nakula. Niliacha.

Hebu mtafuteni Desiderio da Settignano, mchongaji wa Florence, Italia, aliyekufa 1464 hata miaka 40 hajafikisha. Kwenye makumbusho ya Vienna kuna kichwa cha mtoto alichokichonga, anacheka. Si tabasamu la kupigia picha: anacheka mpaka vimeno vinaonekana. Kwenye jiwe! Na marumaru haina kiraka. Patasi ikiteleza, pua imekwenda. Halafu mtoto mwenyewe hatulii. Mwaka jana nilimpeleka mpwa wangu studio kupiga picha ya pasipoti: dakika 40, pipi tatu, na bado katoka kafumba jicho moja. Hiyo ni kamera. Desiderio alikuwa na nyundo. Mcheko ule huwezi kuutoa kwenye jiwe kama hujakaa chini na watoto ukawatazama wee mpaka ukawajua. Mwingine wake yuko Washington, kanyamaza, mashavu laini kiasi kwamba unatamani kuyafinya. Nani anahangaika hivyo kwa kitu asichokipenda?

Haya, nakubali, shingo upande: nyingi ya sanamu hizi zilikuwa na kazi ya dini. Mtawa Giovanni Dominici, mwanzoni mwa karne ya 15, aliwashauri wazazi waweke nyumbani picha na sanamu za Yesu na Yohana Mbatizaji wakiwa wadogo, ili watoto wao wajione humo. Ndiyo maana mpaka leo wataalamu wanabishana kama mtoto wa sanamu kama hizi ni wa tajiri fulani au ni Yesu mwenyewe. Na ndiyo, maskini hakuwa na hela ya marumaru.

Lakini kufiwa sana ndiyo kutopenda? Bibi yetu, wangu mimi na huyohuyo binamu, alizika watoto wanne. Mpaka uzeeni aliwataja kwa majina, kwa mfuatano, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Binamu alikuwepo, amekaa mkekani, anasikia. Picha bibi hakuwa nayo hata ya mmoja. Angekuwa na pesa, na fundi kama Desiderio mtaa wa pili, sijui angemwambia aanze kumchonga yupi.