Niletee Treni Isiyopakwa Rangi

Kila ninapomwomba msafiri aniletee treni ya modeli, huwa narudia sharti moja mara mbili au tatu ili lisisahaulike: asiniletee iliyokwisha kupakwa rangi. Nataka sanduku lenye vipande vya plastiki tupu vya kijivu, vikiwa bado vimeshikana na fremu zake, pamoja na karatasi ya maelekezo, hata kama imeandikwa Kijapani kitupu. Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyeniletea seti ya mwisho, aliniuliza kwa mshangao, "Mjomba, mbona hukutaka iliyo tayari? Bei zenyewe hazipishani sana." Tulikuwa tumesimama nje ya uwanja wa ndege na mama yake anamsubiri garini, kwa hiyo nilimjibu kwa mkato. Swali lake linastahili jibu refu zaidi.

Ninavyoona mimi, katika kazi hii ya kuunda treni ndogo za umeme, thamani yote imo katika upakaji rangi, na kuunganisha vipande ni matayarisho yake tu. Wapo wenzangu hapa Nairobi wanaoshikilia kinyume chake. Wao hufurahia kukata, kusugua na kubandika, na wakifika kwenye rangi hununua kopo la kupuliza, wakaimaliza treni nzima jioni moja, kisha wakashangaa kwa nini inafanana na mchezo wa mtoto ilhali vipande vyote vimekaa sawasawa. Nawaheshimu, lakini katika hili nadhani wamekosea.

Seti aliyoniletea mpwa wangu ni ya mabehewa 4 ya treni ya umeme ya aina ya 103, ambayo ilianza kuhudumia njia ya Yamanote mjini Tokyo katika miaka ya 1960, na ambayo iliundwa kwa wingi hata mabehewa yake yakapita 3,000. Mabehewa yalikuwa ya umbo lile lile, na kilichotofautisha njia ni rangi: kijani kibichi kwa Yamanote, machungwa kwa njia iitwayo Chuo, samawati kwa Keihin-Tohoku, njano kwa Sobu. Abiria aliyesimama jukwaani aliitambua treni yake kwa mbali kabla ya kusoma neno lolote, kama vile mkazi wa Nairobi anavyoitambua matatu ya mtaa wake kwa michoro yake ikiwa bado iko mzunguko mzima mbele. Yangu nilikusudia iwe ya Chuo.

Modeli hii imepunguzwa mara 150, hivyo behewa la mita 20 limekuwa na urefu wa sentimita 13 na kidogo. Reli zake zina upana wa milimita 9. Ukichukua reli halisi ya huko, ambayo upana wake ni milimita 1,067, ukaigawanya kwa 150, unapata milimita 7 na sehemu ndogo tu, maana yake ni kwamba treni yangu imetanua miguu kupita inavyostahili. Waundaji waliamua hivyo ili treni zote ndogo za ukubwa huo zitembee kwenye reli za aina moja, na mimi siwezi kulibadilisha. Vipimo vimetoka kiwandani na kasoro zake. Kilichoachwa mikononi mwangu ni rangi, na ndiyo maana siwezi kuifanya kwa papara.

Rangi ilinifundisha kuangalia. Nilipoanza kutafuta picha za treni za Chuo ili nijue machungwa yake ni ya namna gani, niligundua kwamba nilikuwa nimeiona treni hiyo mara nyingi pasipo kuitazama. Sikuwa nimeona kwamba paa ni la kijivu na kwamba ukingo wa kijivu hicho unakata juu tu ya milango. Sikuwa nimeona kwamba fremu za madirisha zinang'aa kama fedha, wala kwamba sehemu ya chini, penye mota na masanduku ya vifaa vya umeme, si nyeusi hata kidogo: ni kijivu kilichochanganyika na vumbi la chuma linalotoka kwenye breki, ambalo huelekea kuwa kahawia. Mtu anayenunua treni iliyo tayari hana sababu ya kuyaona haya, kwa kuwa mwingine amekwisha kuyaona kwa niaba yake.

Kosa langu kubwa nililifanya mapema, na bado linaniuma. Nilikuwa nimelipaka behewa la kwanza andakoti ya kijivu, yaani rangi ya chini inayotangulia, nikapuliza machungwa juu yake, na ikatoka rangi ya udongo wa Kiambu baada ya mvua. Machungwa, kama ilivyo njano, ni rangi nyepesi inayoonyesha kilicho chini yake, na inahitaji andakoti nyeupe. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Nilichoamua wakati ule ni kuiondoa rangi yote na kuanza upya. Nilikwenda kwenye duka moja la rangi za magari mjini, nikaeleza shida yangu, nikauziwa thina, nikarudi nyumbani na kulitumbukiza behewa. Thina ya magari imekusudiwa bati. Plastiki ya polistirini huyeyuka ndani yake. Baada ya dakika kumi hivi nilipoliinua kwa kibano, mistari ya milango ilikuwa imezama, kona zimelegea kama mshumaa, na mlango mmoja wa pembeni ulibaki na alama ya kibano changu. Kila behewa lina milango 4 kila upande, na nilikuwa nimekwisha kuisugua yote 8 kwa msasa laini, mmoja mmoja. Behewa hilo ninalo mpaka leo. Siku hizi rangi ya akriliki naiondoa kwa kulilowesha behewa katika spiriti usiku kucha na kulisugua kwa mswaki wa zamani, tena baada ya kujaribu kwanza kwenye kipande cha fremu ambacho hakina kazi.

Aliyenitoa gizani ni fundi wa kupaka matatu, Kariobangi, ambaye nilimwendea nikitaka tu kuazima kompresa, mashine ya hewa ya kupulizia rangi. Alikigeuza kiganja changu, akaliweka behewa juu yake, akalitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huu mstari wa paa utaukataje?" Nilimwambia nitafunika kwa tepu ya karatasi na kupuliza kijivu. Akatikisa kichwa. Alinionyesha kwenye mlango wa gari lililokuwa karakana: ukishabandika tepu, pitisha ukucha kwenye ukingo wake wote, halafu puliza kwanza ile rangi iliyo chini ya tepu, safu moja nyembamba. Kama kuna upenyo, ni rangi hiyo itakayoingia na kuuziba, na kwa kuwa ni ile ile ya chini haitaonekana. Ndipo upulize rangi ya pili. Nilifanya hivyo kwa machungwa na kijivu, na nilipoivuta tepu, taratibu, nikiirudisha juu ya yenyewe badala ya kuivuta kwenda juu, mstari ulitoka umenyooka kama uzi uliovutwa na mwashi. Nilikaa nautazama kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza. Mji huu una watu wenye ujuzi wa rangi ambao mashabiki wa modeli hatuwaendei, na huko ni kujinyima.

Yako mambo ambayo hata fundi huyo hakuyahitaji, kwa kuwa gari ni kubwa na treni yangu ni ndogo. Vipande huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya yote, ili kuondoa mafuta yanayotumika kiwandani kuitoa plastiki kwenye kalibu. Rangi hupulizwa safu nyembamba tatu au nne, si moja nzito, la sivyo mistari ya milango hujaa ikapotea. Kabla ya kubandika maandishi ya stika za maji, zile zinazoloweshwa ndipo zibandikwe, behewa hupakwa vanishi inayong'aa, kwa sababu stika ikikaa juu ya uso usiong'aa hunasa hewa chini yake na kuonyesha mpaka mweupe. Vanishi isiyong'aa hufuata mwishoni.

Jambo ambalo sikulikuta kwenye maelekezo yoyote ni hali ya hewa ya hapa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Januari, jua likiwa kali na hewa kavu, rangi ya akriliki hukauka ikiwa bado iko hewani kati ya brashi ya kupulizia na plastiki, ikatua kama mchanga, behewa likawa na uso wa ukuta uliopigwa lipu. Dawa yake ni kupuliza mapema asubuhi, kusogea karibu, na kuongeza matone machache ya kichelewesha ukaukaji. Julai mambo hugeuka. Manyunyu na ubaridi huleta unyevu, na rangi za thina hushika ukungu mweupe ambao hauondoki kwa kufuta. Mimi Julai sipulizi kitu. Nasugua, nabandika, na nachora fremu za madirisha kwa brashi ya nywele chache. Aprili nayo ni ya mvua, lakini angalau vumbi la barabarani hutulia, na kwa sisi tunaopulizia rangi kwenye baraza ya ghorofani ndani ya katoni iliyokatwa upande mmoja, hiyo ni neema.

Kwa kuwa hizi ni treni za umeme, rangi ikiingia mahali isipotakiwa inaweza kuzizima kabisa. Treni ya Chuo halisi huchukua umeme wa volti 1,500 kutoka kwenye waya wa juu kupitia pantografu, ule mkono wa chuma ulio juu ya paa; modeli yangu huchukua volti zisizozidi 12 kutoka kwenye reli zenyewe kupitia magurudumu, na pantografu yake ni pambo. Rangi haipitishi umeme. Tone moja likikauka kwenye mzingo wa gurudumu au kwenye kibati kinachoufikisha umeme kwenye mota, treni itasitasita na kusimama, na mtu atalaumu mota bure. Huwa nayachomoa magurudumu yote kabla ya kufungua chupa ya kwanza.

Rafiki yangu mmoja ameipaka seti kama yangu nyeusi, nyekundu na kijani, akaiita treni ya umeme ya Nairobi na Thika. Naelewa kilichomsukuma. Ethiopia na Jibuti wana reli ya umeme tangu 2016, na Tanzania ilianza kusafirisha abiria kwa treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ikafika Dodoma mwaka huo huo, ilhali SGR yetu, yaani reli mpya ya kisasa iliyofunguliwa 2017, bado inavutwa na injini za dizeli. Hata hivyo siwezi kukubaliana naye. Rangi ya treni ambayo haipo haina cha kulinganishwa nacho. Hakuna picha itakayokuambia kwamba umekosea, na usipoweza kukosea, huangalii tena. Nilimwambia hivyo ana kwa ana, tukabishana mpaka chai ikapoa, na kila mmoja akabaki na lake.

Kama tunataka treni za kwetu, zipo. Sijawahi kuona seti ya plastiki ya garimoshi la Garratt la daraja la 59, injini kubwa ya mvuke ya reli yetu ya zamani, katika duka lolote la hapa, na lazima nitaliunda kwa shiti za plastiki mimi mwenyewe. Lakini garimoshi lenyewe limesimama katika Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971, umbali mfupi kutoka stesheni kuu. Yaliundwa 34 na Beyer Peacock mjini Manchester katikati ya miaka ya 1950, yakapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na mojawapo lililo hapo linaitwa Mount Gelai. Lina urefu wa zaidi ya mita 30. Likipunguzwa mara 87 litapita sentimita 34, na litahitaji reli ya milimita 12, kwa kuwa reli yetu ya zamani ni ya mita moja. Rangi yake ni maruni, na maruni hiyo si moja: ubavuni jua linapopiga imepauka ikaelekea waridi, na chini ya ukingo wa tangi la maji, mahali pa kuinama ndipo uone, imebaki nzito kama zambarau iliyoiva.

Nimechanganya chupa tatu kwa kukisia na kuzipaka kwenye vipande vya plastiki vya ukubwa wa stempu. Jumamosi nitakwenda navyo makumbusho mapema, mara milango inapofunguliwa, nivishikilie kimoja kimoja chini ya ukingo ule.