Mlango Usio na Timu

Mlango wa mbele wa nyumba yangu, huku Tabata, unatazama magharibi, na kwa muda wa miaka 13 jua la alasiri limeuchoma hadi vanishi yake ikaanza kubanduka kama magamba ya changu aliyepitiwa na kisu butu. Kwa hiyo mke wangu alipotangaza Jumamosi moja asubuhi, mihogo ikiwa bado inafuka mvuke mezani, kwamba safari hii hatutapaka vanishi bali rangi, tena rangi iliyochangamka, yenye joto, ya kumfanya mgeni ajisikie amekaribishwa kabla hajabisha hodi, nilikubali bila kubisha. Nilidhani ugumu wote wa jambo hilo ulikuwa bei ya kopo la lita 4. Sikujua kwamba katika jiji la Dar es Salaam rangi zote zenye joto zimekwisha kuchukuliwa na wenyewe.

Yeye alianza na nyekundu. Alilitamka neno hilo kwa upole, huku akinimiminia chai, kana kwamba sijui kuwa amerithi Simba kutoka kwa baba yake pamoja na kisukari na tabia ya kuzungumza usingizini. Mimi ni Mwananchi, yaani mtu wa Yanga. Klabu yangu ilianzishwa mwaka 1935 na ya kwao mwaka 1936, na nimeishi katika ndoa hii nikiutegemea mwaka huo mmoja wa ukubwa kwa sababu ndio ukubwa pekee ambao hapa nyumbani haujawahi kupingwa. Nilimwomba afikirie itakuwaje mtu mzima kama mimi, mwenye kadi ya uanachama, kupita chini ya Wekundu wa Msimbazi kila anapokwenda kununua mkate.

Nikapendekeza manjano. Hakupandisha sauti, aliuliza tu kama kitasa nacho nitakipaka kijani. Nilikana kwa kiapo, lakini habari hutoka haraka katika nyumba yenye madirisha ya nyavu, na kabla ya adhuhuri jirani mmoja alikwisha kuniuliza kama ninafungua tawi. Nikamjibu kwamba hakuna tawi lolote. Akaniuliza kama nilikuwa na maana ya tawi la Yanga au la chama cha siasa, CCM, kwani manjano na kijani vinatumika pande zote mbili, na yeye alitaka tu kujua aje na fulana ipi.

Mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye nyumba yake ya awali ilikuwa kando ya barabara kuu, alikuja mwenyewe na bakora yake kunikanya kuhusu nyekundu. Alisema kwamba katika jiji hili mtu anayepaka rangi nyekundu kwenye nyumba yake mwenyewe ni sawa na mtu anayejichimbia kaburi akiwa mzima, maana nyumba yake ile ilichorwa X nyekundu ya kubomolewa ukutani, naye akalala nayo miezi mingi akisikiliza mlio wa kila tingatinga lililopita. Nilimweleza kwamba mimi nilikuwa nafikiria mlango mzima, si herufi. Akatikisa kichwa na kusema kwamba hata hao wachora X waanzaga na kopo moja.

Rangi ya machungwa nayo haikufika mbali. Mwanangu alinikumbusha kuwa vibanda vya wakala wa simu mtaani vimepakwa rangi za mitandao kiasi kwamba mtu akiona machungwa au nyekundu iliyoiva, mkono wake huingia mfukoni wenyewe kutafuta kitambulisho. Nisingependa kuamshwa saa tatu usiku na mtu anayetaka kutoa shilingi elfu kumi.

Ikabaki rangi moja niliyoipenda kwa dhati, ile nyekundu iliyokolea na kwenda kwenye weusi, ambayo ni ya kiheshima na haina timu wala chama. Tatizo lake ni jina. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, amekaa sebuleni na kanga yake akichambua mchele, nami kwa furaha ya mtu aliyepata ufumbuzi nikatangaza mbele ya wote kwamba mlango tutaupaka damu ya mzee. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Akanitazama kwa kitambo, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

“Mzee gani?”

Nikasema, “Mama, ni jina la rangi tu.”

“Majina yote huanza kwa kuwa majina tu, baba.”

Wiki hiyo nilikwenda Kariakoo mwenyewe. Kijana wa duka la rangi alinipa kadi yenye vijiraba visivyozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kila kimoja na jina la kigeni lisilofanana nacho, akanitaka nichague papo hapo chini ya taa nyeupe ya dukani ambayo humfanya hata mtu mzima wa afya aonekane amelazwa. Alinisifia pia kopo moja kwamba halina risasi. Nilimwuliza kama hayo mengine hufyatuka. Hakucheka. Alinieleza kwa makini kwamba rangi za mafuta, hasa hizi za manjano na nyekundu zinazong’aa, zilizoea kupewa ukali wake kwa madini ya risasi, kwamba madini hayo huharibu ubongo wa mtoto, na kwamba kiwango kinachokubalika siku hizi hakizidi sehemu 90 katika milioni. Kwa kuwa nina mjukuu ambaye kila kitu hukijua kwanza kwa ulimi, nililipa tofauti ya bei nikiwa nimenyamaza.

Fundi naye alikuwa na elimu yake. Alisema nyekundu na manjano ni rangi zinazokula, yaani hazizibi kilicho chini yake, hivyo huwezi kuzipaka mkono mmoja ukaondoka. Sharti upige msasa, utangulize rangi ya kijivu au nyeupe, kisha urudie mara tatu, pengine nne. Nimemfahamu fundi huyu kwa miaka mingi na bado sijapata kumsikia akitaja rangi isiyokula. Hata hivyo alitoa ushauri mmoja ambao sikutegemea: tupake rangi tulizozifikiria kwenye vipande vya mbao, tuviegemeze mlangoni, tuvitazame kwa siku kadhaa kabla ya kuamua, kwa sababu jua ndilo lenye neno la mwisho.

Tukafanya hivyo. Kwa siku tano vibao vinne vilisimama barazani kama watuhumiwa, na mimi nilivikagua kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu ninapokwenda kazini, wakati upande ule bado umo kivulini. Kilichonivutia kilikuwa cha rangi ya papai bivu, si manjano kamili wala machungwa, ila kilielemea upande wetu kwa adabu kiasi kwamba hakuna ambaye angeweza kunishitaki. Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa na hoja sita, mbili kati yake zikimhusu mama mkwe. Mke wangu alikitazama kibao jioni moja aliporudi kutoka sokoni, akiwa bado na kikapu mkononi, akasema papai ni zuri, fundi aanze kesho.

Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Mwanamke aliyebishana nami wiki tatu juu ya rangi ya ndoo hakubali mlango kwa dakika moja.

Fundi alimaliza Jumanne. Mjusi mmoja alivuka mlango rangi ikiwa mbichi, na nyayo zake bado zipo karibu na bawaba ya juu, vidole vitano vitano, safi kama muhuri. Kwa siku nne nilitoka kila asubuhi nikiuaga mlango wangu wenye manjano ya staha. Siku ya tano niliwahi kurudi. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, jua limeshuka hadi usawa wa paa la jirani, mwanga wake umegeuka mwekundu na unaupiga mlango moja kwa moja usoni, na papai langu lote lilikuwa jekundu kama jezi iliyotoka kufuliwa.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, ameuelekea mlango, anakunywa chai. Aliniambia amekuwa akikaa pale kila jioni.