Kabla ya kumwita garasa, hesabu sekunde zake

Kila Septemba, NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ikifika wiki ya tatu, hukumu zimeshatolewa. Kwotabeki kijana, yule anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi, aliyetoka chuoni kwa shangwe, akavishwa kofia ya klabu jukwaani usiku wa drafti, klabu zinapochagua wachezaji wa vyuo, amepoteza mechi tatu na kunaswa pasi tano na wapinzani. Basi, garasa. Bryce Young alibebeshwa neno hilo Carolina, akawekwa benchi baada ya mechi mbili tu za msimu wa 2024. Linaniudhi, na linaniudhi zaidi likitoka kwa watu wanaoujua mchezo, maana wanaiona kila Jumapili kazi anayotwishwa kwotabeki mgeni na bado wanahesabu pasi zilizoanguka tu.

Mfano wangu ni wa zamani kidogo, Alex Smith. Mwaka 2004 aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Utah, chini ya kocha Urban Meyer, kumaliza msimu bila kupoteza mechi, na shahada yake ya uchumi aliimaliza kwa miaka miwili. Hakuna anayeweza kusema kichwa kilikuwa kizito. San Francisco 49ers wakamchagua wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 2005, na msimu huo akatupa tachidauni (pasi ya bao) 1 na kunaswa pasi 11. Mkono ni uleule. Akili ni ileile. Kilichobadilika ni kazi yenyewe, na hapo ndipo mjadala wetu ungepaswa kukaa.

Chuoni, kwenye mashambulizi ya kutandaza uwanja, timu haikutani kunong'onezana. Wachezaji wanajipanga, wanageuza shingo kutazama benchi, ishara ya mikono au bango lenye picha linainuliwa, na mchezo mzima umeitwa kwa neno moja. Ulinzi ukisogea, shingo zinageuka tena na kocha anabadilisha. Anayeusoma ulinzi, kwa kweli, ni kocha. Kwotabeki anabakiwa na mtu mmoja wa kumchunga: lainibeka, mlinzi wa safu ya pili, akivutwa na mkimbiaji, tupa nyuma yake, akibaki pale pale, mkabidhi mkimbiaji mpira. Ukifanya hivyo miaka minne kwa kasi unapata takwimu za kutisha, na hazidanganyi, ila zinapima kazi nyingine.

Sasa NFL. Saa ina sekunde 40 tangu mchezo uliopita ulipokufa, na redio ya kwenye kofia inakatwa zikibaki 15. Ndani ya zile 25 za mwanzo wachezaji wanarudi, wengine wanaingia na kutoka, mratibu wa mashambulizi anachagua, na kijana anamsikia akisoma sentensi yenye maneno kumi au kumi na tano: mpangilio, nani ahame kabla mpira haujatoka, kinga, yaani wanaomlinda asiangushwe, inaelekea upande gani, njia za wapokeaji, na mara nyingi mchezo wa pili wa akiba endapo wa kwanza hautafaa. Yote hayo ayatamke kwa wenzake kumi waliomzunguka kwenye mkusanyiko bila kupindua neno, na mwishoni awape hesabu ya kutoa mpira. Akikosea neno la kinga tu, wazuiaji watatu wa mbele wanaegemea kulia na wawili kushoto, katikati unafunguka mlango, na mtu wa kilo 120 anapita bila kuguswa. Televisheni itaonyesha kwotabeki akiangushwa. Kosa lilitendeka sekunde ishirini nyuma, kwenye mkusanyiko, na hakuna kamera iliyolisikia.

Na bado hajafika kwenye mstari. Akifika anahesabu masefti, walinzi wa nyuma kabisa, ni mmoja au wawili. Anamtafuta lainibeka wa kati na kumtaja kwa namba ya jezi, kwa sauti, kwa sababu hesabu yote ya kinga inaanzia kwa huyo: watano wa mbele wanajua wanamzuia nani, mkimbiaji anajua anamsubiri nani. Walinzi sita wakimjia, wazuiaji wanatosha. Wakija saba, mmoja yuko huru, na huyo ni mzigo wa kwotabeki mwenyewe. Ama abadilishe kinga, ama ajue ni mpokeaji gani atakayekata njia fupi ili mpira umtoke mkononi kabla hajafikiwa. Makocha wa ulinzi wanalijua hilo, kwa hiyo wanawasogeza saba mstarini, wanawarudisha watatu nyuma mpira ukitoka, na wanne wanaobaki wanatokea upande ambao kinga haikuelekezwa. Saa ikifika sifuri kabla hajamaliza hesabu, yadi tano zimekwenda.

Kuna jambo moja sioni likisemwa vya kutosha. Kijana aliyecheza shotigani, akipokea mpira akiwa amesimama mbali nyuma, maisha yake yote hajawahi kuupa ulinzi mgongo. Yuko yadi tano nyuma, macho mbele, kila kitu anakiona. NFL inamrudisha chini ya senta, yule anayetoa mpira, kisha inamtaka ageuke kabisa kumzuga ulinzi kwa kumwonyesha mkimbiaji mpira. Amegeuka akiwa ameacha masefti wawili. Akirudisha uso, mmoja ameshuka katikati na yule wa pili amekimbilia kina. Picha aliyoihesabu haipo tena, na ana sekunde moja na nusu hivi ya kuchora mpya huku miguu yake ikimaliza hatua tano au saba za kurudi. Ndiyo maana utamwona mgeni akishika mpira kana kwamba amesahau jina lake. Anahesabu upya.

Uwanja nao unamgeuka. Vyuoni alama za katikati, ambazo mpira huwekwa kati yake, zimeachana futi 40, hivyo mpira mara nyingi unaanzia pembeni na upande mmoja unakuwa bahari tupu. NFL zimeachana futi 18 na inchi 6. Karibu kila mchezo unaanzia katikati, ulinzi unasimama sawasawa pande zote na unaficha nia yake vizuri zaidi. Wazuiaji wa mbele wa timu inayoshambulia vyuoni wanaruhusiwa kuvuka yadi 3 kabla ya pasi. Huku ni yadi 1, na ile michezo ya kusubiri kumwona lainibeka anakwenda wapi inakufa mikononi. Mpokeaji naye akidaka pasi anadaiwa miguu yote miwili ndani ya mstari, si mmoja.

Tungesema basi, afanye mazoezi. Lini? Mkataba wa 2011 kati ya ligi na wachezaji uliacha mazoezi 14 tu ya vifaa kamili katika msimu mzima wa kawaida. Katikati ya wiki karibu kila zamu ni ya anayeanza Jumapili, na wa benchi anaigiza michezo ya mpinzani akisoma kwenye kadi. Kwa hiyo hata wale wanaohubiri kwamba kumkalisha benchi tu kunatosha hawasemi yote. Aaron Rodgers alikaa miaka mitatu Green Bay, Jordan Love naye mitatu, lakini walikaa mahali ambapo mfumo ulikuwa umesimama na kuna mtu wa kuwafundisha.

Nakubali, shingo upande, kwamba wapo wanaofaulu mara moja. C.J. Stroud alitupa tachidauni 23 na kunaswa 5 tu mwaka 2023. Jayden Daniels aliifikisha Washington fainali ya NFC, nusu moja ya ligi, katika msimu wake wa kwanza. Lakini Daniels aliingia na mechi 55 za kuanza chuoni, na alikuwa amejifunza kusoma ulinzi kwenye simuleta ya uhalisia pepe, picha zikikimbizwa kuliko kasi ya kawaida. Nakubali pia kwamba tangu 2024 vyuo vikubwa vimeruhusu redio kwenye kofia. Inasaidia sikio. Haimfundishi mtu kubadilisha kinga.

Na wapo waliopewa kila kitu wakashindwa. Sawa. Ila tuangalie kwanza walichopewa. Houston walimwacha David Carr aangushwe mara 76 mwaka 2002. Young aliangushwa 62 mwaka 2023, na kocha wake akafukuzwa baada ya mechi 11. Caleb Williams aliangushwa 68 mwaka 2024, Chicago wakimtimua mratibu na kisha kocha mkuu ndani ya msimu uleule. Kipigo kinaharibu macho kabla ya mifupa: kwotabeki anaanza kuwatazama wanaomkimbilia badala ya masefti, miguu inachezacheza, anaikimbia poketi, nafasi anayokingwa na wazuiaji, iliyo salama. Kuponya hilo huchukua miaka.

Klabu inayomtaka kijana wake apone ina mambo ya kufanya, na hayana siri. Ichukue michezo kumi na tano aliyoicheza vizuri chuoni na iiite kwa majina aliyoyazoea. Waliokwishazoea kazi ndio wajifunze maneno mapya. Senta mzoefu abebe kinga yote mwaka wa kwanza. Michezo mirefu ipewe namba kwenye kitambaa cha mkononi, ili redioni asikie tarakimu mbili tu. Aanze kuutamka mchezo kwenye mkusanyiko tangu mazoezi ya masika, asisubiri Agosti. Na mratibu asibadilishwe.

Hilo la mwisho ndilo lililommaliza Smith. Misimu mitano ya kwanza, 49ers walikuwa na waratibu watano. Kila mwaka kinga ileile iliitwa kwa jina jingine. Jim Harbaugh alipofika 2011 akatuliza mambo, Smith huyohuyo alitupa tachidauni 17, akanaswa pasi 5 na timu ikashinda mechi 13. Miaka sita baadaye, Kansas City, aliyekaa nyuma yake karibu msimu mzima akimtazama anavyojiandaa alikuwa Patrick Mahomes, ambaye 2018 alitupa tachidauni 50.

Jumapili hii, mpira ukiwa haujatoka, tazama saa kabla ya kumtazama kijana. Wakiachana kwenye mkusanyiko zimebaki sekunde 8, mchezo umechelewa kutoka benchi, na hesabu zote nilizozitaja hazina pa kuingia. Zikibaki 18 na bado akaangushwa na mtu ambaye hakuna aliyemtaja, hapo tuanze kumzungumzia yeye.