Kabla ya kitanda, angalia rejeta

Zile Hiace kuukuu za watalii zenye paa la kuinuka, zile zilizokuwa zikijipanga alfajiri nje ya mahoteli ya Bamburi na Diani kupeleka wageni Tsavo, sasa zimestaafu na zauzwa bei ya chini, na vijana wamezigundua, wazigeuza nyumba za kulalia kambini. Poa sana. Mimi mwenyewe nnayo moja, nazunguka nayo pwani na Taita, na siibadilishi na Land Cruiser yenye hema juu. Lakini kuna jambo laniudhi na leo ntalisema. Mtu anunua gari ya miaka ishirini na ushee, hata haijalala usiku wa kwanza uani kwake ashaipeleka kwa seremala kupima kabati, halafu taa za rangi rangi, halafu mapazia, halafu picha Instagram. Rejeta hajaiangalia. Taiming belti, ule mkanda wa injini, hajui ilibadilishwa lini. Ukija kumkuta ni pale mlima wa Mazeras, kiti cha mbele kimenyanyuliwa kwa sababu injini iko chini ya kiti, mvuke watoka, mke amesimama ukingoni amembeba mtoto, malori ya kontena yawapita kwa kelele, na yeye ashika simu kuuliza grupu la WhatsApp "wadau, hii ni nini?"

Hii ni kuchemsha, kaka. Na ungejua mapema kama zile pesa za mapazia ungempa fundi wa rejeta.

Gari zenyewe hazina ubaya. Kenya huruhusiwi kuingiza gari iliyopita miaka 8, na ya usukani wa kushoto pia huwezi kuisajili hivi hivi, kwa hivyo zile kambi van za Ulaya unazoziona YouTube sahau. Chetu ni hichi tulichonacho hapa tayari, na kwa bahati ni kizuri. Hiace ya umbo lile la 1989 hadi 2004, ile watu wa matatu waliibatiza Shark, ukiipata na injini ya 3L umepata dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo wala kompyuta. Pampu ni ya kimakanika. Umeme inaouhitaji ni wa kuwashia, wa kupasha moto zile plagi asubuhi, na wa kile kisolenoidi kidogo juu ya pampu kinachofungua dizeli ipite. Waya wa hicho kidude ukilegea gari inazima barabarani bila kukohoa hata mara moja, na mtu asiyejua ataitisha gari ya kuvuta kutoka Voi mpaka Mombasa. Anayejua atachukua waya kutoka chanya ya betri, aufunge pale, gari iwake, aende zake (kuizima tu ndio itabidi auchomoe tena kwa mkono). Nionyeshe gari ya kisasa utakayoitoa Maungu kwa kipande cha waya.

Ndio maana nasema uzee wa gari si tatizo, tatizo ni mahali watu wanaanzia.

Mimi naanzia kwa maji. Sisi wa pwani tuna dhambi moja kubwa: kutia maji ya kisima kwenye rejeta. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, wajua mwenyewe ukiogea sabuni haitoi povu, sasa chumvi hiyo ikichemka kila siku ndani ya vile vijimirija vyembamba yafanya nini? Yaganda. Rejeta yaziba polepole, na mjini huoni kitu kwa sababu toka Kongowea mpaka Bamburi injini haitoki jasho. Siku ukipakia godoro, mitungi ya maji, gesi, watoto na shemeji, ukaanza kupanda kutoka usawa wa bahari kuelekea Mariakani saa nane mchana, ndio geji yaanza kupanda nawe. Kwa hivyo ya kwanza kabisa: rejeta itolewe ifunguliwe isafishwe, au ununue mpya, mipira yote ya maji ibadilishwe na klipu zake, kifuniko cha rejeta kipya, na utie kulanti (dawa ya kupoza injini) ya kweli iliyochanganywa na maji safi, si yale maji ya rangi ya kijani yauzwayo kando ya barabara ambayo ni rangi tu.

Na hapo hapo fundi atakwambia, "Bosi, tutoe hii thamostati, huku kwetu joto, haina kazi." Hapa nitagombana na mafundi wengi lakini acha nigombane. Thamostati ina kazi. Inaifikisha injini kwenye joto lake na kuishikilia hapo, na dizeli inayofanya kazi baridi inakula mafuta na kujichakaza ndani. Pia ukiitoa unaficha ugonjwa, gari inaacha kuchemka kwa muda na wewe unaona umepona, kumbe rejeta imeziba vile vile na pampu ya maji inavuja vile vile, na siku itakapochemka itakuwa imeshachelewa na hedi, kile kichwa cha injini, imepasuka. Hizi injini za ukoo wa L, kama hiyo 3L, haziogopi kazi lakini kuchemshwa haziwezi, hedi hupasuka, na hedi ni pesa.

Taiming belti sitasema mengi. Ni mpira, huenda kilomita 100,000, ikikatika injini yajipiga yenyewe ndani. Kama uliyenunua kwake hana risiti, hesabu haijabadilishwa. Basi.

Breki nazo watu wa pwani hatuzijui kwa sababu huku kwetu ni tambarare. Panda Wundanyi kutoka Mwatate, ule ni mlima kweli na kona zake, kupanda utapanda na gia ya pili ukiimba, mtihani ni kushuka. Gari imejaa nyumba nzima, wewe umekanyaga breki kila kona, na mafuta ya breki ni yale yale tangu enzi za kampuni ya watalii. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka, na hewa ya Mombasa unyevu haijambo. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka nyuzi 205, yakishashiba maji yanaweza kuchemka kwa 140. Yakichemka kanyagio linaingia hadi chini na hakuna kitu. Mafuta mapya ni bei ya chakula cha mchana, na kushuka ushuke na gia ile ile uliyopandia, usione haya kupitwa na probox.

Sasa kutu. Hapa ndipo nataka tukae kidogo kwa sababu ndiyo inayoua hizi gari huku kuliko injini. Hewa ya chumvi haichagui. Ukienda kuangalia gari usiangalie rangi, rangi ni puti na msasa na kijana mmoja hodari. Inua mkeka wa mlangoni, ule mlango wa kuvuta, upapase kizingiti kwa chini na vidole. Kikiwa na vimbavimba chini ya rangi, kutu imeshatoka ndani inakuja nje, si kinyume chake. Angalia mfereji wa maji kule juu ya madirisha, pembe za chini za kioo cha mbele, na pale miguu ya lile paa la kuinuka ilipofungwa kwa bolti, kwa sababu paa lile lilikatwa na fundi baada ya gari kutoka kiwandani, na kila palipokatwa bati bila kupakwa vizuri ni mlango wa maji. Kuna mchezo wa kupuliza oili chafu chini ya gari, wengi hufanya, na kutu kweli inapungua, lakini oili hiyo inakula mipira, bushi zinavimba, mipira ya breki nayo inalainika, halafu yote yanadondokea mchanga wa Tiwi ambapo watoto wako wanacheza. Mimi nachomelea panapohitaji bati jipya, napaka rangi ya chini ya gari, na kila nikitoka ufukweni naipiga maji matamu chini mpaka mchanga uishe. Kazi ya kuchosha, ndio. Bati la kizingiti linachosha zaidi.

Baada ya hayo yote ndio nyumba, na hapa tena YouTube imetuharibu. Wale wanaojenga gari kule Ulaya wanapigana na baridi. Wanajaza sponji na pamba ndani ya kuta, wanafunika na mbao, panakaa pazuri kweli. Ukiyafanya hayo Mombasa umejijengea tanuri, na juu ya hilo unyevu unaingia nyuma ya zile mbao unakaa hapo haukauki, bati linaoza kutoka ndani huku wewe walala umelitazama. Sisi twataka upepo. Madirisha yafunguke pande zote mbili, kila dirisha na neti yake, na lile paa ndio mali yako kubwa. Gari ya watalii paa likiinuka kwa pembeni pako wazi kabisa, ni la kutazamia tembo, si la kulalia. Nilichofanya ni kwenda kwa fundi wa turubai, wale wanaoshona vifuniko vya malori, akashona ukanda wa turubai kuzunguka pande nne, kila upande una dirisha la neti na kipande cha kuteremsha mvua ikija, juu umeshikwa na ubao na skrubu, chini na velkro nene. Akataka kutumia zipu ya chuma nikamkatalia, chumvi itaishika. Ukinyanyua paa jioni joto lote la mchana latoka juu lenyewe, na kama ni msimu wa kusi ukaelekeza pua ya gari kusini hata feni huihitaji.

Gesi niseme kwa ukali kidogo. Ule mtungi wa kilo 6 wa meko kila mtu anao, na kwa kambi ni mzuri, lakini gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haitoki dirishani, yakaa chini sakafuni pale pale mlipotandika godoro. Toboa matundu sakafuni, na usiku mtungi ulale nje. Na jiko la makaa lisiingie ndani ya gari hata kama mvua yanyesha na samaki hajaiva, hata "kidogo tu lipoe". Moshi wake mbaya ni ule usioonekana wala kunuka. Kuleni mkate.

Umeme sina makuu. Betri ya pili ya 100Ah ya asidi, ambayo ukiipenda utatumia nusu yake tu, yaani kama wati 600 kwa saa moja au wati 40 za friji ndogo kwa saa kumi na tano, paneli ya sola juu, na fyuzi karibu kabisa na betri. Fyuzi hiyo watu huiruka kwa sababu ni kitu cha shilingi chache na haionekani kwenye picha.

Kwa kupiga kambi kwenyewe, anza karibu. Tiwi usiku mmoja, urudi, uone kipi kimelegea. Halafu Ndololo, kambi ya KWS (shirika la wanyamapori) ndani ya Tsavo East karibu na geti la Voi, lipa kwa eCitizen, mtandao wa serikali, kabla kwa sababu getini pesa mkononi hawachukui. Pale utajua kama neti zako ni za kweli, maana tumbili wa Ndololo wamesoma. Nimeona mmoja akishika ukingo wa neti ya jirani yangu kwa vidole viwili, akaivuta velkro taratibu, krrr, akasita kusikiliza kama kuna mtu, akavuta tena, akaingiza mkono akatoka na ndizi nzima nzima kichane. Na huyo ni tumbili, ndovu akinusa machungwa ndani ya gari hatavuta velkro. Matunda mle mchana yaishe. Lake Jipe nako kuzuri ajabu, milima ya Upare ng'ambo na Kilimanjaro ikiamua kujionyesha, ila mbu wa pale ni jeshi na viboko hutoka usiku, kwa hivyo choo kimalizwe mapema.

Wapo watakaosema kwa hizo gharama zote si bora ulale hoteli. Kama wataka kulala tu, ndio, lala hoteli, itakugharimu kidogo. Mimi napenda kuijua gari yangu, na fundi wangu tumeshazoeana kiasi cha kwamba nikimpigia nikamwambia "yalia upande wa kushoto nikikata kona" ananiuliza kwanza nina nini mgongoni ndio ataje beringi au bushi. Hilo halinunuliki kwa siku moja.

Na unayekwenda kuangalia moja wiki hii: nenda asubuhi, mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Weka mkono juu ya injini, iwe baridi. Fungua rejeta, angalia rangi ya maji, kisha iwashe uone inachukua muda gani kuwaka na moshi wa kwanza ni wa rangi gani. Wa buluu, injini inakula oili, mweupe usioisha pamoja na mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Ukimkuta ameshaiwasha "nilikuwa naipasha pasha tu, bosi", mshukuru, kunywa kahawa yake, na kesho yake rudi mapema zaidi bila kumpigia simu.