Kujiunga na koveni ya Wika: uko tayari, au una hamu tu?

Koveni ni kikundi kidogo cha wafuasi wa Wika, dini ya kisasa ya kipagani ambayo Gerald Gardner aliitangaza hadharani Uingereza baada ya sheria ya zamani dhidi ya uchawi kufutwa mwaka 1951. Kimapokeo hutajwa watu 13, ingawa koveni nyingi hazifikii idadi hiyo. Katika kundi dogo hivyo, mmoja akikosa kufika au akija na ugomvi wake, ibada ya wote inayumba. Kwa hiyo kujua majina ya mimea na miungu hakutoshi kupima utayari wako.

Wanaotetea koveni wana hoja nzito. Katika mapokeo ya Gardner, na yale ya Alex Sanders yaliyofuata, mtu hajiingizi mwenyewe. Huingizwa na aliyekwisha kuingizwa, kwa silsila, na mbele yake kuna daraja tatu. Kuchora mduara wa ibada, kuita pande nne za dunia na kuufunga mduara ibada inapokwisha ni mambo ya kuonwa na kusahihishwa. Anayejifunza peke yake anaweza kurudia kosa lile lile miaka mingi.

Upande wa pili nao una uzito. Wafuasi wengi leo huabudu peke yao, na kitabu cha Scott Cunningham cha mwaka 1988 kiliandikwa kwa ajili yao. Ikiwa unachotaka ni kuadhimisha mwezi na majira, koveni inaweza kukuongezea mzigo tu.

Piga hesabu ya muda. Mwaka una sikukuu 8 za majira na mwezi mpevu mara 12 au 13, yaani mikutano kama 20 kabla ya masomo na maandalizi. Jaribu kwanza peke yako: adhimisha miezi mipevu mitatu na sikukuu moja, kila moja kwa tarehe yake, na uandike ulichofanya. Ukiahirisha mara mbili kati ya hizo nne, ratiba ya koveni itakushinda, na wenzako ndio watakaobeba pengo lako.

Kisha chunguza kinachokusukuma. Anayekimbia msiba, anayetaka kuikomoa familia yake au anayetafuta nguvu juu ya mtu fulani atavunjika moyo mapema. Koveni haitibu majeraha ya namna hiyo.

Suala gumu zaidi ni siri. Kuficha majina ya wanachama na maneno ya ibada ni haki, maana wapo wanaoweza kupoteza kazi wakijulikana. Lakini kabla ya kiapo lazima ujibiwe waziwazi: mnakutana wapi, mnavaa majoho au mnaabudu uchi kama koveni nyingi za Gardner, gharama zipi, na mtu anatokaje? Kuchangia mishumaa na chakula ni kawaida. Kutozwa ada ya kuingizwa ni kinyume cha desturi ya Gardner. Ukiambiwa kwamba ngono ndiyo bei ya kupanda daraja, ondoka siku hiyo hiyo. Muungano wa kiume na wa kike katika ibada unaweza kuadhimishwa kwa ishara tu, kwa kisu na kikombe.

Desturi ya kusubiri mwaka na siku moja kabla ya kuingizwa huwakera wengi, na ni kweli kiongozi mbaya anaweza kuitumia kumfanya mwanagenzi mtumishi wa bure. Hata hivyo naiunga mkono. Anayeingizwa huahidi upendo kamili na imani kamili, na hayo hayawezekani kwa watu uliokutana nao mara mbili. Katika muda huo unawapima nao wanakupima: sikiliza wanavyomsema aliyetoka, tazama kama kiongozi hupingwa bila kulipiza. Mwaka ukiisha ungali na shaka, omba muda zaidi. Koveni inayokubali ombi hilo bila kinyongo inastahili kuendelea kufikiriwa. Inayokulazimisha uape wiki hiyo, iache.