Mjomba na Kitalu Changu

Nilirudi kutoka Istanbul siku ya tatu baada ya kupandikiza nywele, na hapo ndipo nilipokosea hesabu. Sindano za ganzi wanazokuchoma kichwani huacha maji mengi chini ya ngozi, na maji hayapandi mlima. Siku ya kwanza yako utosini, ya pili kwenye paji, ya tatu yanafika machoni. Yangu yalifika tukiwa angani. Nilipanda ndege mtu, nikashuka Dar andazi.

Afisa wa uhamiaji akaitazama pasipoti, akanitazama mimi, akairudia pasipoti.

"Fungua macho, tafadhali."

"Yako wazi, afande."

Kule Istanbul hakuna anayekushangaa. Uwanja wa ndege umejaa wanaume wenye utepe mweusi kwenye paji na vidoadoa kichwani. Mnapishana mnasalimiana kwa macho tu, kama watu mliokutana kwa mganga.

Visingizio vya safari nilikuwa navyo. Nauza nguo Kariakoo, na Uturuki huwa naenda kufuata mzigo Laleli. Aliyejua ukweli ni mke wangu peke yake, na maoni yake aliyatoa mara moja akanyamaza: "Mtu wa Tanga, una kofia tisa kabatini. Huo upara ameuona nani?" Jibu sina mpaka leo. Nilichokuwa nacho ni hela ya bodaboda mbili mpya, nikaipeleka yote kichwani.

Wanachofanya ni kutoa vishina kisogoni, ambako nywele za wengi wetu hazing'oki hata uzeeni, kimoja kimoja, na kuvihamishia mbele. Mimi nilihamishiwa 2,600. Nywele zetu zimejikunja mpaka chini ya ngozi, kwa hiyo kishina hakitoki kwa kufuatwa wima, lazima mtu akizungukie. Walianza asubuhi, wakamaliza magharibi. Kishina kimoja kina unywele mmoja, kingine mbili, kingine tatu. Hilo lishike, tutalihitaji mbele.

Halafu masharti. Ulale umekaa. Usiiname. Usijikune, na hapo kichwa kinawasha kana kwamba siafu wamefungua tawi. Kofia ya kubana marufuku, kwa hiyo zile tisa zikabaki kabatini nami nikavaa kofia yao ya kitambaa, pana, kama mvuvi wa bwawani. Unyunyizie maji ya chumvi kila nusu saa. Na usitoke jasho. Dar, mwezi wa pili, usitoke jasho! Usiku wa nne Luku ilikata saa nane, feni ikazima, nikakaa kitini giza totoro huku mke wangu akinipepea kwa kipepeo cha jiko la mkaa na kunihesabia kofia zangu kwa rangi. Msikitini niliswali kwenye kiti, safu ya nyuma, na wazee wa magoti. Mmoja alinionea huruma akanitajia dawa ya kuchua.

Yote hayo yalikuwa yanavumilika. Kilichoniponza ni picha.

Kila jioni ilibidi nitume picha za mbele, utosini na nyuma kwa mkalimani wao, kijana wa Mombasa anayesoma huko. Siku ya sita mke wangu akapiga ya utosini kwa karibu sana. Nami kwa yale macho ya mlenda nikabonyeza, nikaandika: "Siku ya sita tangu kupandikiza. Mbele naona pamebadilika rangi. Ni kawaida?"

Ikaenda kwenye kamati ya harusi ya mpwa wangu. Wajumbe 43.

Nilipogundua, tiki zilishakuwa za buluu. Nikafuta, lakini lile tangazo la kwamba umefuta ni baya kuliko ulichokifuta. Kimya. Kisha ikaingia sauti ya Mjomba kutoka Lushoto, ambaye tangu nimjue analima karoti na kabichi: "Mwanangu, nimefurahi mno! Kumbe umerudi shambani, na hukutuambia!"

Nikaitazama tena ile picha. Udongo mweusi, vigaga vimejipanga mistari, ncha zimechomoza. Kitalu kabisa. Na kabla sijaamua nijibu nini, simu ikaita.

Naapa, katika mazungumzo yale sikusema uongo hata neno moja.

"Hiyo miche umeitoa wapi?"

"Ni yangu mwenyewe, Mjomba. Nimeihamisha tu kutoka nyuma kuja mbele."

"Nyuma ya nyumba?"

"Nyuma."

"Nimeivuta picha nikaona shimo hili mche mmoja, hili mitatu. Nani kakupandia?"

"Nililipa watu."

"Wamekuibia. Itabanana hiyo. Ng'oa, uache mmoja mmoja."

Utosi ulinisisimka wote.

"Unamwagilia?"

"Kila nusu saa."

Akakaa kimya kidogo. "Maji gani?"

"Ya chumvi."

Simu ikakatika. Dakika mbili baadaye Mjomba yuko kwenye kamati, anaomba aliye karibu na Magomeni anifikie haraka kabla sijaangamiza ardhi. Mweka hazina naye, ambaye huwa halali, akadakia: kumbe ndugu yetu ana mashamba, na ahadi yake ya laki mbili bado haijakamilika. Niliikamilisha usiku uleule, kwa simu, nikiwa nimekaa wima.

Vigaga vilidondoka kwenye siku ya kumi na mbili, nikiviosha taratibu kwa kikombe na povu. Hapo, kwa siku chache, nilikuwa kijana. Mstari wa mbele umekaa sawia, nimesimama kwenye kioo mpaka chai inapoa. Halafu wiki ya tatu zikaanza kung'oka. Wanakwambia mapema kwamba zitang'oka, unaitikia, lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kuzikuta kwenye mto asubuhi ni kingine. Zilikuwa kwenye taulo, kwenye kola, moja kwenye wali. Mke wangu akaiweka pembeni mwa sahani kwa adabu zote, akasema, "Bodaboda ya kwanza hiyo inaondoka."

Kijana wa Mombasa akanituliza kwa mara ya kumi: ni kawaida, unywele unaanguka na kishina kinabaki, kinapumzika, mwezi wa tatu au wa nne vitaanza kuchipua, na kujaza ni mwaka mzima. Mwaka! Mimi harusi iko wiki ijayo.

Mjomba akapiga. "Zao linaendeleaje?"

"Limekauka lote, Mjomba."

"Ile chumvi."

"Lakini wanasema mizizi iko hai."

"Wanaosema ni kina nani?"

"Walewale niliowalipa."

Alicheka mpaka akakohoa, na shangazi nikamsikia anacheka nyuma yake, jambo ambalo lingetosha kunishtua. "Nakutumia kitu kwa basi," akasema.

Nikaenda kukifuata kituoni Mbezi, na ile kofia ya mvuvi. Karani wa mizigo akakiburuta kiroba mpaka dirishani, akainama kusoma maandishi ya wino mwekundu. Watu wa mizigo sijui kwa nini husoma kwa sauti. Jina langu. Namba yangu. "SAMADI YA MBUZI. YA KICHWANI. USICHANGANYE NA CHUMVI."

Akanyanyua macho mpaka kwenye kofia, akaniomba kitambulisho. Picha ya kitambulisho changu nilipiga zamani, nina nywele. Akaitazama, akanitazama, akanirudishia, kisha akanisaidia kukipandisha kiroba begani.

"Weka nyingi kwa mbele, kaka."