Dawa ya tezi: ya nguruwe au ya maabara?

Mtu ambaye tezi yake ya shingoni (thairoidi) haitoi homoni ya kutosha, akaandikiwa levothairoksini Kisumu au Nakuru, akaimeza miezi mitano na bado anachoka, anahisi baridi na nywele zinakatika, hakosi wa kumwambia kwamba kosa ni la "kemikali", na kwamba iko dawa ya asili ya kuagizwa kutoka Marekani. Dawa hiyo ni tezi ya nguruwe iliyokaushwa na kusagwa. Wasabato wa Gusii na Waislamu wengi huishia hapo hapo, lakini kwa wengine neno "asili" lina mvuto wake, na mvuto huo unaficha mambo.

Levothairoksini hutengenezwa kiwandani, ila molekuli yake ni ileile T4, homoni kuu inayotoka kwenye tezi ya binadamu. Mwili hauzitofautishi. Isiyofanana na yetu ni dawa ya nguruwe, kwa sababu ya mchanganyiko wake. Greni moja, kama miligramu 60, ina maikrogramu 38 za T4 na 9 za T3, homoni ya pili ya tezi, yaani karibu nne kwa moja. Tezi ya binadamu hutoa takriban 14 kwa moja. T3 yetu iliyo nyingi, karibu asilimia 80, haitoki kwenye tezi kabisa: ini, figo na viungo vingine huitengeneza kutokana na T4, kila kimoja kwa kadiri kinavyohitaji. Nguruwe anakuletea T3 hiyo tayari, yote kwa mpigo mmoja. Hufika kileleni damuni baada ya saa mbili hadi nne, kisha hushuka hadi nusu kwa siku moja hivi, ilhali T4 huchukua siku saba kupungua nusu. Ndiyo sababu anayesahau tembe moja ya T4 kwa kawaida hahisi lolote, lakini aliyezidishiwa T3 moyo humwenda mbio kabla ya adhuhuri. Kwa mama wa miaka 65 hilo si dogo: mapigo yakipoteza mpangilio, damu inaweza kuganda moyoni na kuleta kiharusi. Dozi ikizidi kwa miaka, mifupa nayo huwa dhaifu.

Hata hivyo, wanaolalamika hawajidanganyi. Mwaka 2013 ulitolewa utafiti wa Marekani wa watu 70 waliotumia dawa zote mbili kwa zamu bila kujua ipi ni ipi. 34 walipendelea ya nguruwe, 13 levothairoksini, na 23 hawakuona tofauti. Walipungua uzito kidogo kwa ile ya nguruwe. Lakini dalili zao na uwezo wa kukumbuka vilipopimwa, dawa hizo hazikutofautiana. Kwa hiyo wapo wanaostahili kusikilizwa, na kwao mtaalamu wa homoni anaweza kuongeza T3 kidogo ya maabara juu ya T4, kwa kiasi anachokijua.

Kabla ya kufika huko, tazama chai. Tembe ikimezwa pamoja na chai ya maziwa, sehemu yake hupita tumboni bila kufyonzwa. Imeze kwa maji matupu, ngoja dakika 30 hadi 60 ndipo unywe chai. Tembe za madini ya chuma na za kalsiamu zikae mbali kwa muda wa saa nne. Anayetumia omeprazoli ya vidonda vya tumbo amwambie daktari, kwani huenda dozi ikahitaji kuongezwa. Halafu joto: dawa hii hutunzwa chini ya nyuzi 25, na mchana wa Kisumu mara nyingi hupita hapo. Ikihesabiwa kemisti na kutiwa kwenye bahasha ya kaki, kisha ikawekwa jikoni chini ya mabati, mwanga na unyevu huila. Omba kopo au pakiti yake ya asili.

Dozi yenyewe pia hukosewa. Tezi isiyofanya kazi kabisa huhitaji kama maikrogramu 1.6 kwa kila kilo, hivyo mtu mzima wa kilo 60 hukaribia 100. Wazee na wenye moyo dhaifu huanza na 25 au chini yake. Aliyeanzishwa 50 akaachwa hapo bila kupimwa TSH (kipimo cha damu kinachoonyesha kama dozi inatosha) baada ya wiki sita hadi nane hajashindwa na dawa, hajaipata bado.

Kwa mjamzito sioni pande mbili. Ubongo wa mtoto tumboni hutegemea T4 ya mama, na T3 ya nguruwe haiwezi kushika nafasi hiyo.

Anayeamua kuhama hata hivyo asihame bila daktari kujua. T4 yake itaonekana chini kwenye vipimo hata dozi ikitosha, na daktari asiyeambiwa sababu anaweza kuiongeza dozi hiyo. Tena aandike namba ya bechi. Mwaka 2020 baadhi ya vidonge vya nguruwe viliondolewa sokoni Marekani, vingine kwa kuzidi nguvu, vingine kwa kupungua. Levothairoksini nayo imewahi kuondolewa hivyo, ila anayeinunua kemisti ana mlango wa kurudi kuuliza. Aliyepokea kifurushi cha posta Kondele, Kisumu, hana.